Wajinga Ndio Waliwao. Na Nani?

Methali hii unaijua tangu shule ya msingi. Mwalimu aliandika nusu yake ubaoni, mkaikamilisha, mkapewa alama moja. Tangu siku hiyo imekuwa jibu la kila kitu. Jirani amepigiwa simu na mtu anayelia kwamba ametuma pesa kimakosa, naye kwa huruma akarudisha elfu nne ambazo hazikuwahi kuingia kwa simu yake? Wajinga ndio waliwao. Binamu amelipia kazi ya Dubai na ajenti amezima simu? Wajinga ndio waliwao. Tunaisema tukicheka, halafu tunaendelea na chai.

Hebu tuitazame kisarufi kidogo, usikimbie. "Waliwao" ni kauli ya kutendwa. Kitenzi chenyewe ni kula. Na kauli ya kutendwa kwa Kiswahili huwa na mahali pa kumweka mtenda, baada ya neno "na". Ugali umeliwa na fulani. Shamba limenyakuliwa na fulani. Methali yetu imekatwa kabla ya hapo. Wajinga wanaliwa, sawa, lakini wanaliwa na nani? Mwalimu hakuuliza na mtihani haukuwa na alama ya swali hilo. Katika nchi ambayo "kula" ndilo neno letu la kawaida kabisa la wizi wa mali ya umma, tumebeba methali inayotaja chakula bila kumtaja mlaji, na tunaiita hekima ya wahenga.

Mimi nasema neno "mjinga," jinsi tunavyolitumia mjini leo, limeacha kueleza hali ya mtu. Limekuwa hukumu. Likishatamkwa, kesi imeisha: aliyeibiwa ndiye mshtakiwa, na mwizi amegeuka kuwa kama mvua hivi, kitu kinachonyesha tu, kosa ni la asiyebeba mwavuli.

Na si kwamba tuna uhaba wa maneno. Kiswahili kimejaa majina ya watu wa aina hii, kila moja na ladha yake. Zuzu ni yule anayekodoa macho, jambo linampita. Bwege ni yule mzubaifu ambaye hata akiguswa hashtuki. Juha ametutoka Uarabuni pamoja na hadithi zake. Mpumbavu ana kasoro ya busara yenyewe. Unaweza kumpeleka shule miaka ishirini na arudi vilevile. Mjinga alikuwa tofauti na hawa wote. Mjinga ni mtu asiyejua, basi. Na asiyejua anaweza kuambiwa akajua, ndiyo maana tuna kitenzi kizuri cha kuerevuka, na ndiyo maana tuna methali nyingine ambayo hakuna mtu anayeitaja siku hizi: mjinga akierevuka, mwerevu yu mashakani. Hiyo ina mlaji ndani yake, na anatetemeka. Sishangai kwamba ile ya kwanza ndiyo iliyopata umaarufu.

Halafu kuna "fala." Fala ni la mtaani, la matatu, la wasee wakiwa base. Fala hafundishwi. Ukishaitwa fala ni kama umepigwa mhuri. Lakini sikiliza vile Sheng, lugha ambayo walimu walituchapa kwa sababu yake, imefanya kazi ambayo methali haikuifanya. Mtaani watu husema: usinifanye fala. Jamaa amenifanya fala. Yaani kuna mtu aliyemfanya mwenzake kuwa hivyo. Fala hazaliwi wala hapatikani ameketi tu kando ya barabara. Ametengenezwa, na aliyemtengeneza ana jina, ana namba ya simu, wakati mwingine ana ofisi ghorofa ya tatu na msichana wa mapokezi anayekuletea maji.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu historia ya neno "mjinga" inauma kuliko tunavyodhani. Ukifungua kamusi za Kiswahili walizoandika wamishonari huko pwani katika karne ya 19, utakuta mjinga akielezwa kuwa mtu mpumbavu asiyejua mambo, halafu wanaongeza: hasa mtumwa aliyefika karibuni. Ndiyo, mtumwa. Mtu aliyekamatwa bara, akatembezwa miguu hadi pwani, akauzwa sokoni. Hakujua Kiswahili, hakujua mji, hakujua desturi za chakula wala za salamu. Waliomtangulia, na wale waliozaliwa palepale, wakamwita mjinga. Mtu ameibiwa kila kitu ambacho binadamu anaweza kuibiwa, kwao, jina, watoto, mwili wenyewe, na lugha ya mahali alipofikishwa ikampa jina linalosema shida yake ni kutojua.

Hilo ndilo neno tunalorushiana.

Na mantiki yake haijabadilika sana. Anayeshuka Machakos Country Bus na begi lake, akazungukwa na vijana wawili wenye adabu sana wanaotaka kumsaidia, naye ni mgeni tu. Atachezwa pata potea kwenye vichochoro vya River Road, na stori yake itasimuliwa kama kichekesho cha mshamba. Mji unamwibia kwa sababu hajaujua, halafu unamcheka kwa sababu hajaujua. Tunauita huo ujanja wa Nairobi. Tumelelewa hivyo, kusema ukweli. Hadithi za sungura na fisi tulizosomewa, ni nani aliyewahi kumwonea fisi huruma? Tulimpigia sungura makofi. Sungura akiiba asali, ni mwerevu. Fisi akiamini ahadi ya sungura, ni mjinga na amestahili kuchomwa mkia.

Mwishoni mwa Julai 2023 watu walipiga foleni KICC. Unakumbuka. Maelfu ya vijana, wengi wao wa umri wako na wangu, wamesimama kutoka asubuhi ili mboni za macho zipigwe picha na kidude cha mviringo kinachong'aa kama tufe la maduka ya miujiza. Worldcoin. Malipo yalikuwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya kama shilingi 7,000. Ilipofika tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli nzima. Na mtandaoni, kabla hata ya kuuliza data inaenda wapi, hukumu ilikuwa imetoka: mafala wanauza macho. Watu walichora vichekesho. Wataalamu wa kila kitu walijitokeza kutuambia kwamba Mkenya atauza chochote.

Mimi naomba tufanye hesabu ya yule kijana wa foleni. Hana kazi. Anadaiwa kodi ya nyumba. Anaambiwa simama hapa, angalia hapa, chukua elfu saba. Kwa miaka yote simu yake imekuwa ikichukua data yake bure, mlinzi wa kila jumba la ghorofa Nairobi ameandika namba ya kitambulisho chake kwenye daftari linaloachwa mezani wazi, na serikali yenyewe ilimpiga picha na kumchukua alama za vidole kwa Huduma Namba mwaka 2019 kisha kadi zenyewe zikaishia kuwa hadithi. Sasa kwa mara ya kwanza kuna mtu anataka kumlipa. Sema unavyotaka, lakini hesabu hiyo haina ujinga ndani yake. Ina njaa, na ina uzoefu. Ambacho hakuwa nacho ni habari kamili kuhusu kinachofanyika na picha ile, na habari hiyo ilikuwa kazi ya watu wengine kumpa. Kampuni ilikuwa imeandikishwa na ofisi ya kulinda data, na shughuli ilikuwa inafanyika katikati ya jiji, ndani ya jumba linalomilikiwa na umma, mchana kweupe. Yeye angeshuku nini zaidi ya hapo?

Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamua kesi iliyopelekwa na Katiba Institute na wenzao. Ikasema ukusanyaji ule ulivunja sheria ya data, na kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kushawishi watu na sarafu haikuwa ridhaa halali. Ikaamuru data ile ifutwe ndani ya siku saba. Soma tena hapo kwenye ridhaa. Mahakama haikuuliza mbona walikubali. Iliuliza walikubalishwaje. Lugha yetu ya mtaani inaweza kutofautisha mambo hayo mawili, nimeshaonyesha, ila hatutaki.

Kwetu nyumbani hili neno lina bei. Mathe aliwekeza mahali. Sitataja ni wapi. Ilikuwa moja ya zile za "weka hapa, baada ya miezi sita chukua mara mbili," na aliyemleta ni mama wa chama chao, mtu ambaye wameweka naye pesa miaka kumi na moja bila senti kupotea. Shilingi 180,000. Ndani ya hizo kulikuwa na karo yangu ya mwaka wa tatu. Ofisi ilifungwa wiki ya tatu ya Januari na mimi sikurudi chuo. Hiyo siisemi ili unipe pole. Nasema kwa sababu ya kilichofuata: mathe alipoenda kuripoti, afisa aliyekuwa kwenye dawati alimsikiliza hadi mwisho, akaandika OB, kisha akamuuliza, "Na wewe mama mzima, ulikubali aje?" Kwenye chama hakurudi. Hakuwa amekosana na mtu. Aliona aibu. Kuna wanawake wengine sita kwenye chama kile waliopoteza pesa na hakuna aliyesema hadi miezi ikapita, kwa sababu kila mmoja alidhani fala ni yeye peke yake.

Fikiria hiyo ilimfaa nani. Wangeripoti saba kwa siku moja, wakaenda na risiti saba, ile ingekuwa kesi. Waliripoti mmoja mmoja, wengine hawakuripoti kabisa, ikawa malalamiko. Neno "mjinga" liliwafanyia matapeli kazi ambayo wakili angewatoza mamilioni.

Haya mambo si mapya. Mwaka 2006 na 2007 nchi hii ilipitiwa na wimbi la mipango ya piramidi. DECI ndiyo inayokumbukwa zaidi, na ilipita makanisani. Jopokazi la serikali lililochunguza baadaye liliongozwa na Francis Nyenze, na hesabu yake ilifika watu zaidi ya 148,000 na takriban shilingi bilioni 8. DECI ilivuka hadi Tanzania, kule watu wakaambiwa wanapanda mbegu, mpaka serikali ikaisimamisha mwaka 2009. Mbegu. Mtu aliyeketi kanisani miaka yote akisikia kwamba apandaye atavuna, anaambiwa na mchungaji yuleyule, kwenye madhabahu ileile, kwamba apande hapa. Ameamini anachofundishwa kuamini kila Jumapili. Kama huo ni ujinga, basi tumlaumu pia kwa kumwamini mwalimu wa hesabu.

Lakini sasa ngoja nikuonyeshe mahali ambapo neno hili huwa haliendi.

Oktoba 2015 Benki Kuu iliifunga Imperial Bank na kuiweka chini ya mrasimu. Ilibainika kwamba pesa zilikuwa zikitolewa kwa njia za hila kwa miaka mingi, mabilioni kwa mabilioni, na wakaguzi walipita na wasimamizi walipita. Aprili 2016 ikafuata Chase Bank. Waliokuwa na akaunti huko ni wafanyabiashara, mawakili, madaktari, watu wa Parklands na Westlands, vyama vya ushirika vyenye ofisi nzuri. Walipoteza, wengine wakangoja miaka. Ulisikia wakiitwa mafala? Waliitwa wateja. Waliitwa wenye amana. Magazeti yaliandika kuhusu udhaifu wa usimamizi, kuhusu wajibu wa Benki Kuu, kuhusu imani katika sekta ya benki. Imani yao ilikuwa kitu cha thamani kilichosalitiwa. Imani ya mama wa soko Gikomba, wakati ni yake iliyosalitiwa, inaitwa ujinga.

Au tupande juu zaidi. Goldenberg, mapema miaka ya 1990. Serikali ya Kenya ililipa kampuni moja fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zilizodaiwa kuuzwa nje. Almasi, jamani. Nchi ambayo haina migodi ya almasi ilikuwa ikilipa watu kwa kuuza almasi zake. Kwa kipimo tunachompimia mtu wa foleni ya KICC, Hazina ya Taifa ingekuwa fala wa karne, ingewekwa kwenye jumba la makumbusho. Lakini hatusemi hivyo, na tuna sababu nzuri: tunajua hawakudanganywa. Walijua. Kwa hiyo huko juu tunaelewa kabisa kwamba pesa zikipotea kuna mtu aliyekula. Tunataja majina, tunaunda tume. Kiswahili chetu huko juu kina mtenda. Ni tukishuka chini tu ndipo mtenda anapotoweka na kubaki mjinga peke yake na sahani tupu.

Najua mtaniambia nini. Mtaniambia tamaa. Mtaniletea Abunuwasi na sufuria yake: aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na sufuria ndogo ndani, akasema imezaa. Jirani akafurahi, akapokea. Mara ya pili akaazima, hakurudisha, akasema imekufa. Jirani alipolalamika akaulizwa, kama uliamini sufuria huzaa, mbona huamini kwamba hufa? Tukacheka darasani. Na kweli, jirani yule alijua sufuria haizai. Alinyamaza kwa sababu uongo ulimfaa.

Sawa, nakubali wako watu kama jirani wa Abunuwasi. Wash wash haiishi kwa sababu kila mwaka kuna mtu mwenye pesa zake anayetaka dola zisafishwe kwa dawa zizaliane, na mtu huyo mimi simlilii sana. Alikuwa anatafuta pesa bandia akapata utapeli halisi. Huyo muite utakavyo. Lakini angalia: jirani alikuwa na sufuria za kuazimisha. Alikuwa na cha ziada. Mathe hakutaka sufuria izae. Alitaka karo, na karo ilikuwa inapanda na biashara ya mitumba haipandi. Kuita hiyo tamaa ni kusema kwamba maskini akitaka chochote zaidi ya alichonacho tayari ametenda dhambi, na adhabu imekuja ipasavyo. Mtu wa Kilimani akitaka faida ya asilimia 18 kwa mwaka anaitwa mwekezaji.

Na wale wanaosema dawa ni elimu, watu wasome, waache ujinga. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa hivyo labda sina haki ya kusema. Ila nitasema. Kuanzia mwaka 2022 Wizara ya Mambo ya Nje imekuwa ikitoa onyo kuhusu vijana wa Kenya wanaoahidiwa kazi nzuri Thailand, wanafika Bangkok, wanavushwa mpaka hadi Myanmar, na huko wanafungiwa kwenye kambi na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Makumi wameokolewa na kurudishwa. Unajua waliotafutwa ni akina nani? Wanaojua Kiingereza kizuri. Wanaojua kompyuta. Walio na digrii. Ule mtego ulihitaji watu waliosoma, ukawapata kwa urahisi kwa sababu nchi imejaa watu waliosoma wanaokaa kwa wazazi wao. Wakifika wanapewa simu na orodha ya Wazungu wapweke wa kuwatapeli, na asiyefikisha kiwango anapigwa. Sasa niambie, katika kambi ile, mjinga ni nani na mjanja ni nani? Neno limeishiwa nguvu kabisa. Haliwezi kukuambia lolote la maana kuhusu mahali pale.

Au wazazi wa Uasin Gishu. Waliuza mashamba na ng'ombe, wakalipa mamia ya maelfu ili watoto wao waende kusoma Finland na Canada. Hawakumlipa jamaa wa mtandaoni mwenye picha ya kuazima. Mpango ulipitia kwa serikali ya kaunti, ukazinduliwa na viongozi, ukapigwa picha. Kufikia 2023 wazazi hao walikuwa barabarani Eldoret wakidai pesa zao, zilizoripotiwa kuzidi shilingi bilioni 1. Na bado kuna watu waliokaa Nairobi na kuandika kwamba Wakalenjin wamefanywa mafala. Kama kuamini serikali uliyoichagua, katika jambo ambalo serikali hiyo imetangaza rasmi, ni ufala, basi tufunge kaunti zote arobaini na saba tugawane viti.

Ambayo inanileta kwa siasa, kwa sababu huko ndiko neno hili linakofanya uharibifu mkubwa. Desemba 2019 King Kaka alitoa "Wajinga Nyinyi." Wengi wetu tuliisikiza mara kumi siku ya kwanza. (Mwalimu wangu wa Kiswahili angesema ni "ninyi," lakini hakuna Mkenya anayesema ninyi.) Ilitaja mambo ambayo magazeti yalikuwa yakizunguka, na baadhi ya wakubwa walikasirika hadi wakaleta mawakili, kwa hivyo heshima zake anazo. Lakini kile kichwa kimetuharibia mdomo. Tangu hapo, kila kitu kikienda vibaya nchini tunageukiana na kuambiana wajinga nyinyi, mlimpigia kura, sasa mkule. Baada ya 2022 ikawa ndiyo sala ya asubuhi. Bei ya unga imepanda, mlitaka wilbaro. Makato ya nyumba yamekuja, mafala nyie. Aliyepandisha bei hayumo kwenye sentensi. Aliyetunga makato hayumo. Tumesimama kwenye duka la Mpesa, mimi na wewe na mama mwenye mtoto mgongoni, sote tumekatwa pesa ileile, na tunabishana ni nani kati yetu mjinga zaidi.

Juni 2024 ilikuwa tofauti kwa wiki chache, na nadhani tofauti ilikuwa kwenye lugha pia. Watu waliacha kuulizana mlimpigia nani. Walisoma Mswada wa Fedha wenyewe, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakarekodi video kwa Kikuyu na Dholuo na Kikamba ili wazazi waelewe. Hiyo ndiyo maana ya zamani ya mjinga ikifanya kazi yake: hujui, nakuambia, sasa unajua. Tarehe 26 Juni mswada ukaondolewa, na kulikuwa na watu waliokufa siku moja kabla. Mwerevu alikuwa mashakani kweli.

Halafu tukarudia tabia.

Nimeacha Shakahola hadi hapa kwa sababu sipendi kuitumia kama mfano, lakini siwezi kuandika kuhusu neno hili nikairuka. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa kwenye msitu ule wa Kilifi, na idadi ikapita miili 400, wakiwemo watoto wengi. Na nakumbuka jinsi neno lilivyorudi, hata pale. Mtu anaachaje kula ati amekutane na Yesu? Wajinga. Mtoto wa miaka minne hakuacha kula, alinyimwa chakula. Na mhubiri anayeshtakiwa hakuwa mgeni kwa serikali. Alikuwa amekamatwa na kufikishwa mahakamani tangu 2017, na Machi 2023, baada ya taarifa za vifo vya watoto wawili, aliachiliwa kwa dhamana ya shilingi 10,000. Kesi iko mahakamani na itaamuliwa huko. Lakini kamati ya Seneti iliyochunguza ilisema wazi Oktoba mwaka huo kwamba vyombo vya usalama na vya haki vilishindwa kufanya kazi yao. Kuna watu Malindi walioripoti mapema. Waliripoti kwa sauti. Wakati sisi tunasema "wajinga," kuna afisa mahali fulani aliyepokea ripoti ile na anapumua vizuri.

Faili la mathe bado liko stesheni. Namba ya OB ninayo kwenye simu. Mwaka huu nimewapata wanne kati ya wale sita wa chama, wawili wamekubali twende pamoja na risiti, mmoja amesema atafikiria, na wa nne alikata simu nilipotaja pesa. Tunaenda Jumatatu. Yule afisa akiwa bado kwenye dawati, nimemwambia mathe akiulizwa alikubali aje, amjibu kwa jina la mtu.